Gauni Lililopunguzwa Mara Tatu

Foleni ya sokoni ilikuwa imejipinda hadi kwenye meza ya muuza mayai pale fundi alipoona nyota mchana kweupe. Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mnene wa kupendeza machoni pa wengi isipokuwa machoni pake mwenyewe. Siku hiyo alijilazimisha kuvaa gauni la bluu la zamani, na zipu ilimbana hata kupumua kukawa kazi. Akaanza kuanguka. Kabla hajafika chini, mikono ya mwanamume ikamdaka.

"Umekula nini leo?"

Swali gani hilo kutoka kwa mtu usiyemjua?

"Chai ya rangi."

"Na jana?"

"Matango. Napunguza mwili, kaka yangu. Niachie niende."

Hakumwachia. Alimketisha kwenye benchi, akamnunulia mayai mawili ya kuchemsha, akayamenya mwenyewe.

"Anayepungua ndiye anayehitaji protini zaidi," alisema. "Una kilo ngapi?"

"Mwanamke haulizwi hivyo!"

"Nauliza kikazi. Mimi ni mshauri wa lishe hospitalini."

"Themanini na tano. Ukimwambia mtu, nakushona mdomo."

Akacheka kidogo. "Basi lenga kama gramu mia moja za protini kwa siku, na usizile kwa mpigo mmoja. Yai lina gramu sita tu. Kila mlo uwe na samaki au kuku wa ukubwa wa kiganja chako, au maharage yajae bakuli, na maziwa pembeni. Punguza sukari na mafuta, protini usiipunguze."

"Na nikiipunguza?"

"Mwili utaanza kula misuli yake wenyewe." Akatazama chini. "Na moyo nao ni msuli."

Ndivyo walivyoanza. Kila siku saa saba mchana simu ya fundi ililia katikati ya vitambaa.

"Fundi wangu, kuna nini kwenye sahani?"

"Kuna njaa na picha yako."

"Sitaki utani wa hivyo, mpenzi."

"Haya basi, Daktari wa Mayai. Kuna paja zima la kuku."

Hapo alimsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Kwa miezi minne fundi alipungua kilo saba bila kizunguzungu, na mapenzi yakanoga. Lakini kuna nyakati alipocheka, yule mwanamume aliitazama mifupa ya mabega yake kana kwamba kuna mtu mwingine anajitokeza humo.

"Unamwangalia nani?"

"Wewe."

Lakini macho aliyakwepesha.

Jumapili moja alasiri akamwambia, "Kuna mama nataka umjue. Angekuwa mama mkwe wangu. Mchumba wangu alifariki kwa moyo kusimama, wiki mbili kabla ya harusi, huu ni mwaka wa tatu. Niliahidi sitamtupa mama yake."

Ilikuwa nyumba ndogo, safi, yenye ukimya uliozoea kukaa peke yake. Mama alikwenda kuchemsha maji. Fundi aligeuza shingo, akaona gauni jeupe limetundikwa kwenye mlango wa kabati, lulu zikizunguka shingo. Alinyanyuka na kugusa kiuno cha gauni. Vidole vikakuta mistari mitatu ya matundu ya sindano, ubavu kwa ubavu, pale kitambaa kilipopunguzwa mara tatu.

Ilikuwa kazi ya mkono wake.

Akamkumbuka yule binti mbele ya kioo, pini kiunoni. "Fundi, punguza tena." Na yeye, mdomo umejaa pini, akijibu: "Jamani kiuno! Wenzako wanakililia. Endelea hivyo hivyo." Binti alichukua gauni lake, na fundi hakusikia habari zake tena.

Aliaga akisingizia kichwa. Kwa siku tano simu ililia saa saba, ikalia, ikanyamaza. Kila bibi harusi aliyesimama mbele ya kioo alikuwa na sauti ile ile: punguza tena. Chakula akakiacha mezani. Kisha ukaja ujumbe: "Kama ni kwa sababu ya marehemu, sitakwenda tena kwa mama. Ila tafadhali kula."

Siku ya sita alifika mwenyewe, shati halijapigwa pasi, macho mekundu.

"Nimekosa nini?"

"Mimi ndiye niliyekosa. Gauni lile nililishona mimi. Kila alipokuja amekonda, nilimsifu. Nilimwambia aendelee."

Alitoka, akasimama barazani amempa mgongo, kwa muda mrefu hata fundi akaamini mambo yameisha. Kisha akarudi.

"Mimi nilikuwa na mizani ofisini," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nashauri watu kutwa nzima. Yeye alipanda mbele yangu, nikampigia makofi. Niliona kilo, sikumwona yeye."

Walilia, kila mmoja kwenye kiti chake, kisha kwenye kiti kimoja.

"Nilikuja kukuposa," alisema hatimaye.

"Leo?"

"Leo. Nisipokuambia leo, nitaogopa maisha yangu yote."

"Nakubali. Lakini kwanza twende kwa mama. Siwezi kuolewa nikiwa nimemficha."

Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Nilijua," alisema. "Siku ile niliporudi na chai nilikukuta umelishika gauni kama mtu anayetafuta kosa lake." Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Na mimi je? Nilikuwa naosha sahani yake, naiona safi, naamini amekula. Kumbe chakula alikuwa anakimwaga."

Mama akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Oaneni, wanangu. Harusini sitakuja, msinilaumu, sitaweza kuona gauni jingine. Lakini mkishaoana, msiache kuja kunisalimu."

Akamsogelea fundi, akamshika mkono wa kulia, ule wa sindano, na hakuuachia haraka.