Mshumaa Mwekundu Ndani ya Pipa

Lori lilikuwa limeshawashwa. Dereva alikanyaga mafuta makusudi, moshi ukavuka barabara mpaka uani kwa watu, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, tunaondoka, au nizime nikapike?"

Fundi bati alikuwa bado anapakia. Alipandisha sanduku la vifaa juu ya magodoro ya wasafiri wengine, akajipangusa mikono kwenye suruali ya kazi iliyotobolewa na cheche, akatazama ng'ambo. Pale, kwenye ua ulioachwa wazi, wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa wakichekecha mahindi, na katikati yao alikuwa mshonaji.

Mshonaji aliyaona macho yale akainamisha kichwa. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, mkanda umekaza kiuno, vumbi la mahindi limemjaa nyusi mpaka akafanana na bibi yake. Alitikisa chekeche kama ndilo lililomkosea.

"Kamuage basi," jirani alimnong'oneza. "Mtu anaondoka yule."

"Njia anaijua."

"Ya kwenda anaijua. Ya kurudi je?"

Honi ikalia, lori likakata kona, likapotea. Mshonaji alimimina mahindi mengine kwenye chekeche. Akaendelea kuchekecha.

Fundi na mshonaji walikuwa wamekutana kwenye karakana za mabati, mahali ambapo hata salamu hutolewa kwa kelele. Kikundi cha mtaa kilikuwa kimemtuma mshonaji akaagize chombo.

"Nataka pipa!" alipiga kelele siku ile.

"La maji?"

"La mahindi! Kubwa! Lisipitishe hata pumzi!"

"Mahindi yamewakosea nini, dada?"

"Siyo mahindi! Fukusi! Nataka wafe!"

"Sawa! Na wewe una mchumba?"

Nyundo zote zilikuwa zimenyamaza kwa ghafla kabla hajalimaliza swali lile. Karakana nzima ikasikia, karakana nzima ikacheka, na fundi akajificha nyuma ya bati lake mwenyewe. Tangu hapo fundi akamwita mshonaji Sindano, kwa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye ukosi wa gauni, naye mshonaji akamwita fundi Nyundo. Simu zikawa haziishi.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe acha kunipigia ukiwa juu ya ngazi."

"Umejuaje niko juu ya ngazi?"

"Sauti inatetemeka."

"Inatetemeka kwa ajili yako, mpenzi."

"Shuka, utavunjika, nani atanioa?"

Kikundi chenyewe kilikuwa cha familia za mtaa ule mmoja. Mahindi yakiwa mengi, kila nyumba ilitoa fungu lake, yakawekwa pamoja kusubiri miezi ile migumu ambayo maduka hufunga mkono. Mwaka uliotangulia waliweka kwenye magunia, na walipoyafungua wakakuta unga wa fukusi. Watu walilala njaa. Ndiyo maana safari hii wakataka pipa. Likakaa stoo, nyumbani kwa mama yake Sindano, na ufunguo wa stoo akapewa mama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akigusa cha mtu.

Nyundo alilijaza mwenyewe. Juu ya mahindi akaweka sahani, juu ya sahani mshumaa mweupe, akauwasha, akashusha mfuniko na kuuzungushia mpira.

"Moto unakula hewa," aliwaeleza. "Hewa ikiisha unazimika, na fukusi wanaufuata. Sharti ni moja tu. Lisifunguliwe mpaka siku ya kugawana."

Siku ya kugawana watu walikuja na ndoo, wengine na beseni. Mama akatoa mfuniko na kuiondoa sahani upesi. Harufu ya vumbi ikawapiga usoni. Fukusi walikuwa wazima, wanatembea juu ya mahindi wanavyotaka.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mnene aliyewahi kuwa mpishi wa shule, alichota kiganja kimoja, akapuliza, akabaki na maganda.

"Fundi," alisema polepole, "bati lako linavuja."

"Halivuji, mama. Nililijaza maji kabla ya kulileta, halikutoa hata tone."

"Sasa hawa wanapumua nini?"

Nyundo alipapasa mpira wa mfuniko. Akamgeukia Sindano. Wote wakamgeukia Sindano, maana ndiye aliyemleta.

"Wewe unasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

Sindano alitazama zile ndoo tupu.

"Mimi si fundi bati," akasema.

Maneno manne tu. Lakini Nyundo aliyapokea kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Habari ikafika karakana kabla yake, na vikundi vya mitaa mingine vilivyokuwa vimeagiza mapipa vikaghairi. Sindano alipompigia, simu iliita mpaka ikachoka. Ndipo fundi akatafuta lori la kumpeleka mji mwingine, ambako bati lake halijulikani.

Sasa alikuwa ameondoka, na kazi iliyobaki ilikuwa kuokoa punje zilizokuwa bado na moyo. Sindano akatingisha tena chekeche. Kitu kikagonga waya, akakiokota akidhani ni jiwe. Kilikuwa kinateleza. Akakisugua kwenye gauni.

Kilikuwa kipande cha mshumaa, tena mwekundu.

Akakifunika kiganjani haraka. Nyundo aliweka mweupe, mtaa mzima ulishuhudia. Mishumaa myekundu alikuwa anaifahamu. Ilikaa nyumbani kwao, kwenye kopo juu ya kabati, ikisubiri umeme ukatike.

Alimkuta mama yake jikoni, anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Mama." Akafungua kiganja.

Mama alitazama mara moja tu, akarudi kwenye sufuria.

"Nilikuwa naangalia tu, mwanangu."

"Unaangalia nini?"

"Kama yapo. Nafungua, natia mkono, nayashika. Halafu nawasha mwingine, nafunga vilevile kama fundi alivyofunga. Nilijua ukiwasha mwingine inakuwa ni kama hukufungua."

"Mara ngapi, mama?"

"Kila nikishindwa kutulia." Sufuria ikaanza kugongana na sinki. "Wewe ulizaliwa baadaye, hukuona. Nami niliwahi kufungiwa gunia nikaambiwa niliamini. Siku nalifungua ni vumbi tupu. Kaka yako aliyekutangulia hakuumwa, mwanangu. Alikosa uji."

Sindano hakuwahi kuambiwa hivyo. Siku zote alijua ilikuwa homa.

Akatoka mlango wa nyuma. Akisema, mama yake hatainua uso mtaani. Akinyamaza, mtu asiye na kosa atazeeka na aibu isiyo yake. Na lori likishavuka kilima mtandao unakatika. Akapiga. Ikaita, ikaita.

"Haloo, mwenye simu hataki kupokea," sauti ya dereva ilisema. "Anaangalia dirishani kama mgonjwa wa meno. Nimechoka na huo mlio."

"Mwekee sikioni! Tafadhali, kaka yangu!"

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi.

"Nyundo?"

"Sema."

"Bati lako halivuji."

"Umeshasomea ufundi?" Sauti ilikuwa kavu.

"Nisamehe. Niliogopa watu, nikakutupa. Pipa lilikuwa linafunguliwa, hewa inaingia. Mama..." Akakibana kile kipande cha mshumaa. "Mama alikuwa anayaangalia."

Injini ya lori ikanguruma.

"Anayaangalia," Nyundo akarudia, na ukali ukamtoka. "Ana nini?"

Akamweleza, mpaka habari ya kaka. Aliposikia yote, fundi akashusha pumzi ndefu.

"Usiwaambie."

"Jina lako je?"

"Jina nitalitengeneza huko ninakokwenda. Mama hana pa kwenda. Usimtaje, Sindano, nakuo..."

Simu ikakatika. Kilima.

Sindano aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alijifunga kitambaa cha kichwa, akalishusha lile kopo la mishumaa kabatini, akapita kuelekea uani kwa miguu isiyotaka kwenda.

"Mama, subiri!"

"Ningesubiri ningerudi ndani."

Akasimama mbele ya wanawake, akaliinua kopo.

"Fundi wa watu hana kosa. Aliyefungua ni mimi. Nilikuwa naogopa yasije yakapotea, nikayapoteza."

Machekeche yakasimama. Jirani mmoja alinyanyuka, akabeba beseni lake, akaondoka bila kumtazama mtu. Wengine wakamtazama mwenyekiti. Yeye alipangusa uso kwa upindo wa khanga.

"Mimi nilikuwa napita stoo kwako nikijifanya nakusalimia," alisema. "Nagonga pipa kwa ngumi, nisikie kama bado limejaa. Ningekuwa na ufunguo ningefungua kabla yako. Kaa chini, dada. Shika chekeche."

Jua lilikuwa linaegemea nyumba za pili Sindano alipoona mtu anakuja na sanduku begani, viatu vyeupe kwa vumbi. Dereva alikuwa amekataa kugeuza lori, akamshusha upande wa pili wa kilima na kumtakia mapenzi mema. Sindano alimkimbilia na vumbi lake la nyusi.

"Ulisema unani... nini, simu ikakata?"

"Nilikuwa nakuomba uwashe taa."

"Mwongo wewe!"

"Nitakuambia mbele ya mama. Kwanza nionyeshe pipa."

Alilikagua kuanzia mfuniko mpaka kitako. Siku zilizofuata alikata tundu ubavuni, akafunga kioo kinene na kukizungushia mpira, akamwita mama na kumpa tochi.

"Angalia mpaka uridhike, mama. Usifungue tu."

Mama akainama, akamulika. Alikaa hapo muda mrefu. Bila kugeuka, akasema, "Ukitaka kumwoa mwanangu, mimi sina neno."

Mahindi yaliyookolewa hayakufika mwisho wa miezi migumu. Familia mbili zilihama mtaa, mojawapo ni ya yule jirani wa beseni, na hakurudi kusalimia. Akiba ya mwaka uliofuata ilitosha. Vikundi vilivyoghairi viliagiza upya, vingine vikataka kioo. Dereva alialikwa harusini, hakuja, alikuwa safarini. Mwenyekiti alifariki, ndoo yake ikarithiwa na mkwewe. Mama alimulika pipa kila asubuhi mpaka macho yalipokufa, kisha akawa anauliza kama yapo. Nyundo na Sindano wana watoto wawili, wanagombana kuhusu ngazi. Siku hizi anayemulika ni Sindano.