Dawa Iitwayo Poisoni

Kijijini kwetu karibu na Bunda, miaka ile ya ujamaa, hakuna aliyependa kusoma kama Magige. Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima. Basi akasoma kila kitu: magunia, boksi za kiberiti, hata sahani za bati upande wa chini. Mkewe Wankyo alimtania.

"Baba Mbuke, utasoma mpaka pembe za ng'ombe."

Msimu wa kupulizia pamba ulipofika, tuliletewa madebe ya dawa kutoka nchi za nje. Magige akainama, akasoma kwa sauti.

"Po-i-so-ni. Jamani, dawa hii inaitwa Poisoni!"

Tukampigia makofi. Tangu hapo kijiji kizima kikawa kinasema Poisoni.

Sasa, mtu akisikia neno dawa hufikiria kupona. Mbuke, binti yao mdogo, alikuwa na chawa. Magige akawaza: inayoua mdudu wa pamba itashindwa na chawa? Akampaka mtoto kichwani.

Haukupita muda Mbuke akaanza kutoka jasho na mate. Mikono ikatetemeka. Wankyo akapiga yowe. Kwa bahati, bwana shamba Hamduni alikuwa akipita na pikipiki yake.

"Amekula nini?" akauliza.

"Hajala kitu. Baba yake amempaka Poisoni ya chawa."

"Mama, hilo si jina! Kwa Kiingereza ni sumu! Mvue nguo. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Funga mikono yako kwa nailoni, nawe isikuingie."

Wakamwosha, wakamkimbiza hospitali. Hamduni alichukua na debe, akalifunga vizuri nyuma ya pikipiki, ili daktari ajue ni sumu gani. Tulikaa roho juu mpaka tuliposikia mtoto ameomba uji.

Magige alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

"Nilisomaga vizuri, bwana shamba. Kosa langu liko wapi?"

"Kusoma ulisoma. Ila hukuandikiwa wewe," Hamduni akajibu. "Huko inakotengenezwa, sheria inamlinda mfanyakazi. Anapewa glavu, na maelezo kwa lugha yake. Lakini sheria yao haivuki mpaka pamoja na debe. Kinachovuka ni kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba wa biashara."

"Na mkataba wetu unasemaje?" Wankyo akauliza.

"Bei na uzito. Glavu hazimo."

Wankyo akainuka, akaondoka bila kuaga. Mama huyu akiondoka hivyo, ujue anapika jambo.

Wakati wa kuuza pamba alikuja Ndugu Stanislausi, mmoja wa wanaokwenda kuzungumza mikataba hiyo. Wankyo akasimama mkutanoni na Mbuke mgongoni.

"Ndugu mgeni, pamba yetu ikiwa na uchafu kidogo, wanaiitaje?"

"Fifi, mama. Wanaikataa, au bei inashuka."

"Basi na dawa isiyo na glavu, isiyo na Kiswahili, ni fifi! Wao wanachaguaga. Sisi tunaogopa nini kuchagua?"

Watu wakacheka, wakashangilia. Stanislausi hakucheka.

"Tukidai hayo, pengine watapandisha bei," alisema.

"Mtoto huyu bei yake ngapi?"

Mgeni akamtazama Mbuke, akainamisha kichwa.

"Nitasema hivyo hivyo ulivyosema, mama," akajibu.

Na kweli akasema, huko mikataba inakozungumzwa. Mimi hadi leo namvulia kofia mama yule. Hakujua hata herufi moja, lakini alitambua kwamba mkataba ni maneno ya watu, na watu wanaweza kuyaongeza.

Msimu uliofuata madebe yakaja, na maboksi ya glavu pembeni yake. Magige akainama kama kawaida yake. Safari hii hakupaza sauti.

"Su-mu," akasoma.

Akainuka upesi.

"Mama Mbuke! Mshike mtoto, asisogee hapa!"