Mzigo wa Mzee Wenceslaus

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga madirisha tu. Madirisha tisa ya mbao, yenye makomeo ya chuma, katika nyumba kongwe ya udongo ambayo zamani ilikuwa ya matajiri wa misafara, na siku hizi ni makumbusho madogo pembeni mwa mji wa Tabora. Mgeni huingia, akaona ngoma, pembe na minyororo, akapiga picha mbili tatu, akaenda zake. Mtu asiye na haraka angeyafunga madirisha hayo kwa dakika kumi. Advera aliyafunga kwa dakika nne, mbio mbio, bila kutazama nyuma.

Hakuwa hivyo alipofika. Wiki sita nyuma alishuka stendi na begi lake moja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Bukoba aliyepangiwa mafunzo kwa vitendo, mjini hakumjua mtu hata wa kumwazima kiberiti. Kazi akaipenda tangu siku ya kwanza. Alipima vyombo kwa rula, akaandika namba kwa wino mweusi, akajaza kadi moja baada ya nyingine. Saa nne alikunywa chai na Mzee Wenceslaus, mhudumu wa makumbusho, Mnyamwezi wa Usoke, aliyemletea karanga kila Jumatatu na kumtania bila huruma.

"Ninyi Wahaya," alikuwa akisema, "mtu akikukanyaga mguu, kabla hujalia unamtajia kwanza shahada yako."

Advera alicheka mpaka chai ikampalia. Ugenini kule, yule mzee ndiye aliyekuwa baba yake.

Kufunga madirisha ilikuwa kazi ya Mzee Wenceslaus. Aliifanya miaka ishirini na miwili. Sasa imekuwa ya Advera, na sababu anaijua Advera mwenyewe.

Ghalani, nyuma ya ukumbi, kulikuwa na mzigo wa mpagazi. Mkeka mkukuu uliovingirishwa na kufungwa kwa kamba za magome, mrefu kama mtoto wa miaka mitano, umeegemezwa juu ya gongo lenye panda. Haukugusa sakafu. Siku ya kwanza kabisa mzee alimwonyesha.

"Huu usiutue chini. Vingine vyote fanya utakavyo. Huu, hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Haujafika," alijibu, kisha akaendelea kufagia.

Advera alidhani ni mambo ya wazee. Wiki ya tatu ikafika zamu ya mzigo kuandikiwa kadi. Ilikuwa mchana kweupe. Penye gongo mwanga haukutosha kwa picha, karibu na mlango ulitosha. Akauinua. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Masikioni alikuwa na vile vidude vya muziki, anaimba imba mwenyewe. Akautua chini.

Kamba ikakatika.

Kibuyu kidogo kikatoka ndani ya mkeka, kikabiringika, kikapasuka vipande viwili. Ndani mlikuwa na nywele, kishungi kimoja kimefungwa kwa uzi, na udongo mwekundu kiasi cha kujaza viganja viwili. Basi. Si dhahabu, si lulu.

Hapo ndipo angeita mtu. Angepiga kelele tu, "Mzee, nimeharibu!" na mzee angekuja, maana alikuwa hatua chache nje ya mlango. Badala yake Advera alichukua ufagio. Udongo na nywele akavifagia nje, kwenye upepo. Vipande vya kibuyu akavitupa shimoni. Mkeka akaufunga upya kwa kamba ya katani, akaurudisha juu ya gongo.

Kesho yake Bi Fakhria, msimamizi wa makumbusho, aliiona ile katani. Nyumba hii ilijengwa na babu wa babu yake, na kila kitu ndani yake anakijua kwa kukipapasa. Aliwaita wote wawili.

"Nani aliufungua?"

Advera akajibu haraka, kabla moyo haujamuuliza. "Mimi nilikuwa na kadi za ukumbini. Ghalani huwa anaingia Mzee."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo analolionea aibu mpaka leo, kwamba haikutetemeka.

Mzee Wenceslaus alimtazama. Hakumkasirikia. Kisha akatazama juu kidogo, juu ya kichwa chake yeye mwenyewe, kama mtu anayepita mlango mfupi.

"Ndiyo, Bi Fakhria," akasema. "Hilo ni langu."

Jioni ile ile alirudishwa kwao Usoke. Hata ufagio hakuulaza, aliusimamisha ukutani.

Sauti ilianza juma lililofuata.

Advera alikuwa kwenye dirisha la sita, lile la ujia wa kwenda ghalani. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya miembe, adhana ya magharibi imemalizika, umeme umekatika kama kawaida yake. Akasikia nyayo. Miguu mitupu. Polepole... moja... nyingine... nyayo za mtu aliyebeba kizito. Kisha pumzi, ya kukatika katika. Kisha harufu ya jasho, tumbaku mbichi, na udongo uliopata mvua, na mvua haikuwa imenyesha.

"Tumeshafunga," alisema. Alidhani ni mgeni aliyechelewa.

Nyayo zikasimama nyuma yake.

"Nitue."

Alipogeuka, ujia ulikuwa mtupu.

Alikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja mkononi. Kesho yake saa ile ile, nitue. Keshokutwa, nitue. Sauti haikutisha kwa ukali, haikuwa na ukali wowote. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, anayeomba kwa adabu, kama mama atokaye kisimani anavyomwomba yeyote aliye karibu amsaidie kushusha ndoo. Na nani hunyimwa msaada huo? Hata adui yako akikuambia nitue, unanyoosha mikono. Advera hakunyoosha. Siku kumi na mbili mfululizo alifunga madirisha na kukimbia.

Siku ya kumi na tatu, Jumamosi, alipanda gari la Urambo na kushuka Usoke.

Alitafuta nyumba kwa kuuliza. Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulikuwa umetanda kijiji kizima. Mke wa mzee, Mama Imakulata, alimpokea uani. Aliitikia shikamoo yake, akamletea maji ya kunywa, lakini hakumtazama usoni.

"Yule pale," alisema. "Tangu arudi hajalala chali."

Mzee Wenceslaus alikuwa ameketi juu ya kigoda, shingo imezama mabegani. Mikono yote miwili ameiinua usawa wa masikio, vidole vimekunjwa, kama anashikilia kitu kisianguke. Juu ya kichwa chake hapakuwa na kitu. Lakini kwenye paji la uso wake palikuwa na mfuo mwekundu, umebonyea, mnyoofu kabisa, kama alama ya kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mhaya wangu." Akajaribu kutabasamu. "Karanga hazijakomaa."

Advera alipiga magoti mchangani akaanza kulia. Mzee akamwacha alie. Kisha akamnong'oneza.

"Siku ile, masikioni uliweka nini?"

"Muziki, mzee."

"Ndiyo maana hukumsikia. Alikuita mara tatu. Nitue, nitue, nitue. Mimi nipo nje nafagia, nasikia. Nikasema, huyu ni mtoto wa watu, yuko ugenini, shingo yake haijawahi kubeba hata debe. Nikajibu mimi. Nikasema, lete."

"Nani, mzee? Nani aliita?"

"Mpagazi. Alifia njiani, pande za Ujiji huko. Wenzake wakamkata nywele, wakachota udongo wa pale walipomlaza, wakavifunga wampelekee mama yake. Walipofika Tabora mwenye msafara akawageuza warudi walikotoka siku hiyo hiyo, mzigo ukabaki ghalani. Jina lake hata babu yangu hakulijua. Tulijua tu kwamba hajafika kwao."

Advera aliuona tena ule udongo mwekundu ukipeperuka mlangoni. 

"Nilimfagia," alisema.

"Ulimfagia."

"Nifanyeje, mzee?"

"Mwambie Bi Fakhria kilichotokea, kama kilivyotokea. Usiongeze, usipunguze. Mimi nimebeba mzigo wa yule na nimebeba na wa kwako. Wa yule peke yake ningeuweza. Wa kwako ndio unaonivunja shingo. Ukisema, utakuwa umenitua."

"Nitasema. Jumatatu asubuhi, mzee. Nakuapia."

Macho ya mzee yalikuwa yakifumba. Usingizi ulimchukua pale pale, mikono bado iko juu. Midomo ikacheza.

"Nitue."

Advera aliitambua. Ni sauti ile ile. Ile ya dirisha la sita, na uchovu wake, na adabu yake.

Mama Imakulata alitikisa kichwa. "Kila jua likizama analisema hilo. Akiamka hana habari." Akaangalia jua, lilikuwa bado juu. "Leo amewahi."

Jumatatu Advera alifika kazini mapema. Njia nzima alikuwa amekariri atakayosema, sentensi tatu tu, fupi. Saa nne kasoro alibisha hodi ofisini.

"Karibu, mwanangu, ingia. Nilikuwa nakutafuta." Bi Fakhria alikuwa ameshika kile kitabu cha mafunzo cha chuoni, ambacho bila sahihi yake Advera angerudia mwaka mzima. "Nimekuandikia alama za juu. Sijapata mwanafunzi mwangalifu kama wewe." Akaweka sahihi. Akagonga muhuri, akaupulizia wino ukauke.

"Bi Fakhria..."

"Naam?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga saa nne. Advera alitazama ule wino wa zambarau. Ulikuwa haujakauka bado. Mtu angeweza kuufuta kwa kidole.

"Ulitaka kusema kitu?"

"Hapana, mama. Asante sana."

Alitoka na kitabu kifuani. Mchana kutwa alijiambia kesho. Wino ukishakauka, kesho, atasema. Alijiambia hivyo mpaka akajichukia, na bado hakurudi kubisha hodi.

Jioni akafunga madirisha. La kwanza. La pili. Alipofika la sita hakukimbia. Alilifunga, akasimama, akaegemea ukuta, kwa mara ya kwanza akingoja kuitwa. Adhana ikaisha. Popo wakatoka darini.

Kimya.

"Mzee," alinong'ona.

Kimya.

"Mzee, nipo. Lete." Akanyoosha mikono gizani. "Lete, mzee, lete kwangu..."

Hakuna nyayo. Hakuna pumzi. Hata harufu haikuwepo. Ujia ulinukia vumbi na chokaa tu, kama ujia wowote wa nyumba ya zamani.

Simu ikalia mfukoni. Ni Mama Imakulata.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa laini, si ile ya Jumamosi. "Mzee ametua."

Advera aliibana simu sikioni.

"Leo asubuhi, saa nne. Shingo ilinyooka nikiiona kwa macho yangu. Mikono ikashuka yenyewe. Akacheka, akaniambia, yule binti amesema, amekuja kunitua. Nikamwambia, mume wangu, mbona hapa hakuna mtu? Akasema, yupo, amesimama kichwani pangu, ameupokea wote, wa kwake na wangu. Akalala chali. Alilala vizuri, mwanangu. Hakuamka tena."

Upande wa pili walisikika akina mama wakiimba wimbo wa kanisani.

"Nilikuwa na hasira na wewe, Mungu anisamehe. Nilijua hutasema. Watoto wa chuo, nilisema, hawa wanajali vyeti vyao. Kumbe umesema. Tumewaambia watu wote hapa msibani, wanakuombea." Akajitenga na waimbaji. "Kitu kimoja tu kinanisumbua. Alisema ulikuja miguu mitupu, una vumbi jekundu mpaka magotini, na nywele umenyolewa upande mmoja. Nikasema labda ni macho ya mtu anayekufa. Lakini ni wewe, sivyo, mwanangu? Aliyemtua mume wangu ni wewe?"

Madirisha matatu yalikuwa bado wazi, na giza lilikuwa linaingia. Advera alijua jibu. Alijua kwamba kuna mtu asiye na jina aliyekwenda Usoke kwa miguu kufanya kazi iliyokuwa yake, na kwamba sasa yuko njiani tena, peke yake, na mizigo yote.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni mimi."