Viatu vya Nélida vya Kuchezea Uwanjani

Kila Jumapili, Nélida na mumewe Anselmo hutia viatu vya dansi ya tango mfukoni, kisha huenda kucheza kwenye uwanja wa mtaa wao. Wamecheza pale tangu uchumba. Chini ni mawe. Mengine yameinuka, mengine yamezama.

Nélida alipenda mchuchumio mwembamba. "Tango halichezwi kwa ndara," alizoea kusema. Jumapili moja kisigino kikanasa kwenye ufa. Akaanguka mbele ya watu, kifundo kikavimba. Aibu ilimuuma kuliko mguu.

Alipopona, akavaa raba. Hakunasa tena, lakini goti likaanza kumuuma.

"Basi tuache," Anselmo akasema. "Uzee umebisha hodi."

"Umebisha kwako," Nélida akajibu.

Alipoingia jikoni alilia. Siku hizo Anselmo alikuwa akimkumbatia uwanjani tu, wakati wa tango.

Kesho yake jirani yao Herminia, mwalimu wa tango, alikuja kunywa chai ya majani iitwayo mate. Akaziona raba mlangoni, akazigeuza.

"Ulichezea hizi?"

"Ulitaka nianguke tena?"

"Raba inang'ang'ania jiwe, jirani. Mwili unageuka, mguu umebaki. Anayeumia ni goti."

"Mchuchumio unanasa, raba inang'ang'ania. Nicheze pekupeku?"

"Tafuta kisigino kifupi, kipana. Soli iwe ya ngozi ngumu isiyo na michirizi, iteleze kidogo. Kiatu kiwe na ukanda wa kushika kifundo. Zile soli za ngozi laini kama mahameli ni za ukumbini, mawe yatazitafuna."

"Hivyo ni viatu vya bibi kizee."

"Bibi kizee anayecheza. Au unataka kuwa msichana anayetazama?"

Nélida alinuna, lakini akanunua.

Jumapili iliyofuata alikaa benchini, miguu ameificha chini yake. Kabla ya kucheza, Herminia alimfuata pale, akamwambia asimame ajizungushe polepole. Akajaribu. Mguu ukageuka na goti likaufuata bila kuuma. Akachagua sehemu yenye mawe yaliyolala sawa.

Anselmo alisimama ng'ambo ya uwanja, akamwalika kwa macho, kama desturi. Nélida akaitikia kwa kichwa. Wakacheza kwa hatua fupi.

"Goti vipi?" Anselmo akanong'ona.

"Nyamaza, cheza."

Hakuna aliyetazama viatu vyake. Muziki wa mwisho ulipoanza, Anselmo alikuwa anahema benchini.

"Tupumzike kidogo," akasema.

Nélida akamnyooshea mkono. "Utapumzika nyumbani, mzee wangu."