Mwenyekiti wa Wagonjwa

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya nyumba moja ya mtaani kwetu, na ikimgusa mtu, imguse. Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi mama fundi alikaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga, na mumewe akipiga viatu rangi huku akiimba. Mume huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya waumini ya kutembelea wagonjwa. Tulimwita Mzee Pole, maana hakuna aliyeumwa akakosa pole yake.

Siku moja ya ibada, mama fundi alikuwa na zamu ya kuwapa waumini chai. Alitoka jikoni na birika kubwa, mumewe akamhimiza kutoka mlangoni, "Harakisha bwana, watu wanasubiri!" Akaongeza mwendo. Kifuniko kikachomoka, chai ya moto ikammwagikia mguu wa kulia, vidole vyote. Aliuma meno, akamimina vikombe vilivyobaki bila kumwambia mtu, ndipo akakaa.

"Malengelenge tu hayo," mumewe alisema walipofika nyumbani. "Paka mafuta, yatapoa."

"Nipeleke zahanati, baba. Mguu huu ndio unaokanyaga cherehani."

"Kesho nina wagonjwa wa kuwaona. Tena habari hii usiitangaze kwa wenzangu. Kamati ikianza kujihudumia yenyewe, watu watasemaje?"

Kesho yake akaenda kumpa pole fundi magari aliyeteguka mkono. Na uji aliompelekea aliupika nani? Mkewe, amesimama kwa mguu mmoja, kashikilia meza. Mnayaona mambo hayo?

Mama fundi alivumilia. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto, mishono ikaenda kombo, akafumua, akashona upya. Mguu ulioungua ulipovimba hata kandambili ikakataa kuingia, alikosa zamu yake ya kufagia nyumba ya ibada. Siku chache baadaye mke wa kinyozi, mwenzake wa huduma, alikuja kupimwa gauni.

"Mwenzangu, tumekukosea nini?" akauliza. "Mbona umesusa huduma?"

"Nani kasema nimesusa?"

"Si mumeo? Tulimuuliza mbele ya kamati nzima. Kasema siku hizi unadeka tu, imani imepoa."

Mama fundi alivuta gauni lake juu, akamwonyesha mguu. Mke wa kinyozi aliziba pua kabla hajajizuia. Hapo mama fundi akalia, wala si kwa maumivu.

"Nimemfichia mambo yake," alisema, "naye kaenda kuniuza kwa watu."

Mke wa kinyozi alimkimbiza hospitali siku ileile. Daktari alisema kidonda kile kingesafishwa mapema kisingefika huko. Kidole kidogo hakikuokolewa.

Kamati ilipopata habari ilikwenda wodini, na mwenyekiti hakuwa na namna ila kutangulia. Akasimama kando ya kitanda na mfuko wa machungwa, macho yote kwake. Kwa mazoea akaanza, "Mama, pole sana. Tumesikia unaumwa, tukasema tuje tukuone."

Mkewe akamuuliza, "Umesikia kwa nani, mume wangu?"

Mzee Pole akainama kuweka machungwa chini. Wajumbe waliinamisha vichwa kwa aibu, maana sasa waliielewa ile habari ya imani kupoa. Mama fundi aliporuhusiwa kutoka, alikwenda kukaa kwa dada yake, na hajarudi. Kamati imechagua mwenyekiti mwingine.

FUNZO

Usimpite mgonjwa wa nyumbani kwako ukienda kusifiwa kwa mgonjwa wa mbali. Anayeumia akiwatumikia watu atibiwe siku hiyohiyo, hata jeraha liwe dogo vipi, na asisingiziwe uvivu ili mwingine alinde jina lake. Nanyi mnaohudumu pamoja, mwenzenu asipoonekana ibadani, msiridhike na maneno ya anayeishi naye. Nendeni mkamwone kwa macho yenu.