Simu Kutoka Maabara

Tarehe mosi Julai, mkahawa wa ghorofa ya chini wa hospitali moja kubwa ya mji wa Buffalo, Marekani, ulijaa makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Madaktari wapya walikuwa wanaanza miaka mitatu ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, na mmoja wao, Corinne Havlicek, alisimama kwenye foleni akiwa na trei mkononi na njaa ya tangu jana. Alikuwa msichana mrefu, nywele rangi ya ngano amezibana kwa penseli, raba za kijani miguuni. Alitoka Nebraska. Buffalo hakuwa na shangazi wala rafiki. Kompyuta inayowagawa madaktari kwenye hospitali ndiyo iliyompangia huko.

Nyuma yake mwanamume akaagiza nyama ya ng'ombe ndani ya mkate wa chumvi. Corinne akageuka ghafla; sauti ile aliijua.

"Wewe ndiye wa sodiamu," alisema.

"Samahani?"

"Umenipigia mara nne leo kutoka maabara. Kila ukipiga, mgonjwa wangu amezidiwa."

Mwanamume akacheka taratibu. Alikuwa mweusi, mabega mapana, shati la buluu limepigwa pasi mpaka mikono. "Basi wewe ndiye dokta anayeandika huku anatafuna. Nilikusikia."

"Ilikuwa kalamu. Sijapata chakula."

"Pita mbele, pita. Wagonjwa wangu mimi wako kwenye chupa, hawana haraka."

Jina lake Anselm Tillery, mzaliwa wa mji huo huo. Kazi yake ilikuwa kupima damu, na majibu yakitisha, kumpigia daktari mara moja. Kanuni ilikuwa moja: anayepokea simu ayarudie majibu neno kwa neno, ili wote wawili wawe na hakika.

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu hizo.

"Havlicek, magonjwa ya ndani."

"Maabara hapa. Bibi wa kitanda cha sita, sukari imeshuka mpaka thelathini na nane."

"Kitanda cha sita, sukari thelathini na nane. Nakimbia."

"Kimbia, mpenzi. Ukirudi, kunywa maji."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita mpenzi?"

"Hujaikataa."

Hawakuwa na nafasi nyingine. Corinne alifanya kazi siku sita kwa juma. Kila asubuhi alisimama miguuni pa kitanda na kueleza habari za mgonjwa bila kusoma, huku Dokta Yarborough, mama mfupi mwenye mvi aliyeongoza mafunzo hayo, akimchimba kwa maswali. Kwa nini dawa hii? Ungekuwa peke yako ungefanya nini? Jioni aliandika mafaili mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akarudi kwenye chumba alichopanga, masanduku bado hayajafunguliwa, na kula nafaka kavu akiwa amesimama. Mpaka Novemba yeye na Anselm walikuwa wamekula pamoja mara tano tu. Mara ya tano, kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Hertel, Anselm alivaa koti la kahawia la marehemu baba yake, Corinne akavaa gauni jekundu lililokuwa limeshampwaya.

"Umekonda," Anselm alimwambia.

"Gauni limenenepa."

Alhamisi moja ya Desemba, saa tisa alasiri, Corinne alikuwa na wagonjwa tisa, wawili wapya, na familia moja iliyokuwa inalia kwenye korido. Simu ikaita.

"Bwana Lindqvist, potasiamu sita nukta tisa," alisema Anselm.

"Nimekusikia, bwana mwenye sauti. Sema tena kesho nikiwa na mashavu ya kucheka."

Anselm akacheka. Corinne naye akacheka. Akakata simu. Familia ile ikamvuta mkono, na kabla hajageuka, ile namba, ya madini ambayo yakizidi kwenye damu husimamisha moyo, ilikuwa imeshatoka kichwani.

Baada ya saa moja moyo wa Bwana Lindqvist ulisimama. Walimkandamiza kifua dakika kumi na moja. Akarudi, lakini mbavu mbili zilivunjika, na mkewe alikuwa mlangoni akiona yote.

Kesho yake Dokta Yarborough alimwita Corinne ofisini. "Maabara wameandika kwamba hukuyarudia majibu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Corinne alitoka pale masikio yanavuma. Kosa alilijua ni lake. Kilichomchoma ni kwamba Anselm alikaa chini, akashika kalamu, akaliandika bila kumwambia. Jioni Anselm alipopiga, Corinne alipokea mara moja tu.

"Ungenipigia mimi kwanza," alisema.

"Corinne, wacha nikueleze nilichoandika."

"Nimeambiwa ulichoandika."

Akakata. Anselm akaomba zamu ya alfajiri, na sauti zilizompigia Corinne kuanzia hapo zilikuwa za watu wengine. Majibu aliyarudia yote, polepole, kama mtu anayesali. Krismasi alikuwa kazini. Siku zake za mapumziko alilala mpaka mchana, akafua sare, akatazama theluji ikifunika magari ya majirani, akagundua kwamba siku nzima hajatamka neno.

Februari ilifika zamu yake kwenye mkutano wa makosa, ambako madaktari wote wa mafunzo hukaa ukumbini na mmoja husimama kueleza kilichoharibika. Corinne alieleza bila kujitetea. Kisha Dokta Yarborough akafungua karatasi ya maabara na kuisoma yote, bila kutaja jina.

"'Daktari hakuyarudia majibu. Mimi nilipaswa kumlazimisha ayarudie, na sikumlazimisha. Tunafahamiana, nikaacha utani uchukue nafasi ya kanuni. Daktari huyu ni makini kuliko wengi niliowahi kuwapigia. Lawama ya kwanza iwe yangu.'"

Akaikunja karatasi. "Mnaona? Watu wawili wamesema 'nimekosea' kabla ya kulazimishwa. Hilo ndilo ninalohangaika kuwafundisha. Keti, Dokta Havlicek."

Mchana ule Corinne alimkuta Anselm maegeshoni, akifukua gari lake kwenye theluji. Akachukua brashi akaanza kufuta kioo cha upande wa pili.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ulikata simu, mama."

"Ungekuja mlangoni."

"Nilikuja. Mara mbili. Taa zimezimwa, nikajua umelala. Nikasema huyu anahitaji usingizi kuliko mimi."

Corinne akaegemea gari. Machozi yake yalikuwa ya moto kwenye ule ubaridi. "Nisamehe."

"Na mimi nisamehe. Ingia, utaganda."

Wakaketi ndani, injini inanguruma, joto linapanda. Kesho yake Corinne alikuwa anaanza mwezi mzima kwa wagonjwa mahututi. Anselm alishika usukani kama anaendesha, ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Corinne, mimi sitaki tena kukupata kwa vijisaa. Nataka nikuoe."

Alipogeuka, kichwa cha Corinne kilikuwa kimelalia dirisha, mdomo wazi kidogo, amezama usingizini. Anselm akamfunika kwa koti lake. Akakaa hivyo dakika arobaini, peke yake na pumzi za mtu anayempenda, mpaka theluji ikavifunika vioo tena.

Corinne akashtuka. "Saa ngapi? Ulikuwa unasema nini?"

"Nitakwambia ukipata siku ya mapumziko."

"Jumapili ya tatu."

"Basi nitangoja Jumapili ya tatu."

Corinne akambusu, akashuka, akatembea hatua chache kuelekea hospitalini. Kisha akarudi na kugonga kioo. Anselm akakishusha.

"Jibu ni ndiyo," alisema Corinne. "Nikisinzia nilisikia neno 'nikuoe', nikadhani naota. Swali utaniuliza hiyo Jumapili."