Mizunguko Thelathini na Tisa

Kila likizo, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alifungua gereji ya mama yake saa moja asubuhi. Alifagia, akapanga spana kwa ukubwa, kisha akakaa na kadi za kazi, maana kuzijaza ndiyo kazi aliyopewa na mama. Kwa jinsi alivyopenda kubishana, mafundi walimwita Wakili.

Siku hiyo mama alikuwa ameitwa mbali kutazama lori lililokwama. Gerejini alibaki Wakili na mjomba wake, fundi aliyefanya kazi hiyo tangu Wakili hajazaliwa. Mjomba alikuwa amemaliza kuifungia pikapu ya zahanati difu nyingine ya nyuma, yaani gia za ekseli zinazogeuza magurudumu, kuukuu lakini nzima, kwa sababu ile ya zamani ilivunjika meno. Muuguzi wa zahanati alikaa kwenye benchi, kasha la chanjo likiwa miguuni pake. Alikuwa na safari ya mlimani, kwenye utelezi, ambako magurudumu yote manne hulazimika kuvuta.

"Kadi hii ina pengo, Mjomba," Wakili alisema. "Difu ya mbele tuliipima asubuhi. Propela huzunguka mara nne nukta moja gurudumu likizunguka mara moja. Ya nyuma je?"

"Andika hiyo hiyo. Muuza spea kasema zinafanana."

"Muuza spea amepima?"

Mjomba alizungusha gurudumu kidogo kwa mkono, akachungulia propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. "Mara nne na kitu. Umeridhika? Andika."

"Siandiki."

Mjomba aliweka spana chini. "Unasemaje?"

"Siandiki, Mjomba. Kitu ni kingapi? Zikitofautiana, difu ya mbele na ya nyuma zitavutana, na gari litaharibika huko huko mlimani."

"Tangu lini yai likamfundisha kuku? Lete hiyo kadi!"

Wakili aliificha kadi mgongoni. Sauti ilimpanda. "Sikufundishi! Nakataa kuandika uongo, basi. Nichape ukitaka, lakini siandiki!"

Muuguzi akainuka taratibu.

"Fundi," alisema, "mimi simwandikii mgonjwa homa kwa kumgusa paji la uso. Atakayepanda gari hili ni mimi. Pimeni."

Mjomba alisonya, lakini akachukua jeki. Aliweka kabari kwenye magurudumu ya mbele, akaliacha gari bila gia, akainua gurudumu moja la nyuma na kuweka stendi chini ya ekseli. Wakili akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela.

"Gurudumu la pili limekaa chini, halizunguki," alimweleza muuguzi. "Kwa hiyo mizunguko miwili ya hili tunaihesabu kama mmoja. Tutazungusha mara ishirini, iwe kama kumi. Difu hii ikifanana na ya mbele, propela itazunguka mara arubaini na moja."

Wakili alizungusha, muuguzi akahesabu tairi, mjomba akachuchumaa akihesabu propela.

"Ishirini!" muuguzi alisema.

Mjomba alipangusa jasho. "Tena," akasema.

Wakarudia. Safari hii alihesabu kwa sauti, na kila namba ikatoka kwa uzito zaidi kuliko iliyotangulia. "Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa." Alama ya chaki ikasimama pale pale ilipoanzia.

"Tatu nukta tisa," Wakili alisema, na akaandika.

Mjomba alikaa juu ya tairi kuukuu kwa muda. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa bure. Kisha akainuka, akampigia muuza spea simu kwa maneno makali, akaanza kufungua nati. Chanjo zikatangulia kwa pikipiki. Ekseli ya pili, yenye difu nyingine ndani yake, ilipoletwa, mjomba aliipima ingali sakafuni, mara tatu, ikatoa arubaini na moja. Kesho yake mchana pikapu ikapanda mlima.

Mama aliporudi, mjomba alimsimulia mwenyewe bila kupunguza neno. Kisha akamgeukia Wakili.

"Uzoefu unanionyesha pa kutazama, mwanangu. Haunipi ruhusa ya kuacha kutazama. Nilikuwa na haraka, nikataka kuificha nyuma ya kalamu yako. Mtu mkubwa akikuambia uandike usichokijua, awe mimi au mwingine, mkatalie."

"Lakini nilikupigia kelele, Mjomba. Nisamehe."

"Kwa kelele nimekusamehe," mjomba alisema. "Kwa kukataa, usiombe msamaha kwa mtu yeyote."